Mtalaka Asiyeambiwa

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo, mtu mwingine angeipita tu. Asubuhi moja Hind alikuwa amekwisha kujitanda mtandio, ufunguo wa duka mkononi, mkwewe Bi Rasha akamsimamisha mlangoni.

"Leo pumzika, mwanangu. Asad atakaa dukani."

"Siumwi, Mama."

"Najua. Pumzika tu." Akauchukua ufunguo polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Hind alirudi chumbani akakaa kitandani, mtandio bado kichwani. Katika miaka yote aliyoishi na mama yule hakuwahi kuambiwa apumzike. Hata alipopata dengue aliulizwa, kwa huruma kabisa, kama baada ya adhuhuri ataweza kushuka kidogo.

Alikuwa mtoto wa Ilala, wa nyumba ya Waarabu wa Tabora waliohamia Dar zamani kuuza vyombo vya jikoni. Alipoolewa na Nasor alihamia Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kwenye jengo ambalo juu, ghorofa ya tatu, ni makazi ya familia, na chini ni duka lao la vitambaa vya mapazia. Nasor alikuwa mtu wa vicheko na maneno matamu, ila duka halikumkaa moyoni. Alichopenda ni kufuata mzigo Dubai. Mwanzoni alikuwa akienda wiki mbili, baadaye mwezi. Safari hii miezi ilipita, mizigo ikawa inafika yenyewe na yeye haonekani. Nyumbani walibaki watu watatu: Hind, mkwewe, na Asad, mdogo wake Nasor. Mtoto Mungu alikuwa bado hajawajalia.

Hind alikuwa mtu wa kushuku na hakulificha hilo. Dukani ilikuwa sifa. Mteja akisema "ngoja nizunguke nitarudi", Hind alimjua wa kurudi na wa kupotea. Sasa shaka ileile aliyoitumia chini akaipandisha ghorofani.

Kwanza alidhani Asad analitaka duka peke yake. Lakini siku chache baadaye Hind alisema anataka kwenda Ilala kumwona mama yake, na Bi Rasha akajibu haraka, "Mwambie aje yeye. Nitampikia kwa mkono wangu." Akitaka vocha, Asad analeta. Akitaka uzi, uzi unapandishwa. Wiki zikapita namna hiyo, na viatu vyake vya kutokea vikashika vumbi pale mlangoni.

Halafu ikawa simu. Nasor hakumpigia tena. Alimpigia mama yake, na Bi Rasha akiiona namba ya Dubai aliingia jikoni, akafungua bomba, maji yakawa yanamwagika kwenye karai kwa kelele huku yeye akinong'ona. Mwanamke yuleyule aliyegombana na nyumba nzima kila bili ya maji ilipokuja!

Kilichomtia hofu hasa ni habari ya swala. Alasiri moja Bi Rasha alimkuta sebuleni akikunja nguo.

"Hind, hujaswali?"

"Niko kwenye siku zangu, Mama."

"Aa. Sawa." Akaondoka akitikisa midomo, kama mtu anayejikumbusha jambo.

Mwezi uliofuata, hata siku hizo hazijafika, akauliza tena. Hind akapata jibu lake: wanamchunguza kama ana mimba. Wakiona hana, wanamtafutia Nasor mke wa pili, na ndiyo maana simu inaongelewa jikoni. Alifungua kabati la mumewe, akapekua kanzu mfuko kwa mfuko, akanusa makoti. Hakupata kitu zaidi ya tasbihi iliyokatika. Tangu siku ile, kwa aibu na hasira, kila adhana ilipolia alijifungia chumbani kwa komeo, awe anaswali au haswali. Mwili wake alitaka aujue mwenyewe.

Aliyemletea neno ni Leticia. Huyu alikuwa fundi wa kushona mapazia, mwenyeji wa Masasi, cherehani yake kwenye kibaraza cha duka. Alipanda juu na pazia mkononi akisema anataka Hind akague upindo. Upindo haukuwa na kasoro. Bi Rasha alikuwa bafuni.

"Dada Hind, wateja wanakuulizia. Mbona hushuki?"

"Nimepumzishwa."

Leticia alitazama mlango wa bafu, akasogea karibu. "Nikuulize kitu, usinichukie. Jana yule mama wa Upanga alimuuliza Asad, shemeji yako yuko wapi. Asad alimjibu chinichini, ila mimi nina masikio. Alisema, 'Yule sasa mtalaka, yuko ndani.'"

Hind alicheka. Kicheko hakikukaa sawa mdomoni.

"Mtalaka nani? Mimi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Mimi talaka ninayoijua ni ya mahakamani, watu wanavutana mpaka karatasi igongwe muhuri. Kijijini kwetu mwanamke akiachika mashangazi wanakuja kubeba vyungu, kila mtu anaona. Na hawa vijana wa hapa chini wanasema kupigwa kibuti. Si ni buti, kiatu? Unapigwa teke, unaondoka zako. Sasa wewe umepigwa lini?"

"Kibuti angalau unakisikia kikikupiga," Hind alisema.

Bafuni maji yalinyamaza. Leticia akakunja pazia lake akashuka.

Hind alikaa na lile neno. Kwanza alimshuku Leticia mwenyewe: huenda ametumwa, huenda amesikia vibaya, cherehani ina kelele. Lakini kadiri alivyolipindua, ndivyo mambo yalivyojipanga. Pumzika. Usitoke. Mama yako aje yeye. Hujaswali? Hakuna aliyekuwa akitafuta mimba. Mwanamke aliyeachwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe mpaka eda imalizike, na eda huhesabiwa kwa siku zake za mwezi. Walikuwa wanamkalisha eda bila kumwambia kuwa ameachwa.

Nafasi ya kutoka aliipata Bi Rasha alipokwenda msibani Magomeni. Hind alivaa baibui, akafunika uso, akashuka ngazi akiwa na wasiwasi kwamba kila mlango una jicho. Alipita nyuma ya maduka, akakatisha viwanja vya Mnazi Mmoja, mpaka kwenye kiofisi cha Ustadh Abdulrazak, aliyekuwa akiwafundisha wanawake darsa za wikiendi. Ustadh alikuwa kijana tu, simu mbili mezani, anapanga safari ya mahujaji na huku anakunywa soda.

"Kuna rafiki yangu," Hind alianza, "anahisi mumewe amemwacha na hajaambiwa. Inawezekana?"

Ustadh akaweka soda chini. "Rafiki yako ana ushahidi gani?"

"Hana. Nataka kwanza nielewe neno lenyewe."

"Talaka ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kufungua, kuachilia. Waarabu wa jangwani, ngamia jike akifunguliwa kamba ya mguu aende malishoni, walimtaja kwa neno la mzizi huohuo. Waswahili tukalichukua, na mwanamke aliyeachwa tukamwita mtalaka. Aliyefunguliwa."

"Na huyo ngamia anajua kama amefunguliwa?"

Simu moja ikalia. Ustadh akaigeuza kifudifudi. "Ya ngamia siyajui. Kwa mke, mume akitamka imepita, hata kama yeye yuko Dubai na mke yuko hapa Dar. Kumficha ni dhuluma, lakini dhuluma hiyo hairudishi talaka."

Hind alinyanyua kichwa. "Nimekutajia Dubai mimi?"

Ustadh aliizungusha chupa ya soda. "Watu huja hapa kuuliza mambo," alisema mwishowe. "Siwezi kukutajia nani."

Hind hakuhitaji kutajiwa. Hata hivyo aliuliza lililobaki. "Na eda?"

"Eda maana yake ni hesabu. Twahara tatu, yaani usafi wa mara tatu baina ya hedhi. Mume akimrejea mkewe kabla hazijatimia, huyo ni mkewe, hata kama mke hataki. Zikitimia amekuwa mtu baki. Akimtaka tena alete posa na mahari, na mwanamke akubali kwa hiari."

"Nani anahesabu? Mume? Mama mkwe?"

"Mwanamke mwenyewe. Neno lake ndilo linapokelewa, kwa kiapo akitakiwa. Kwa hiyo mwambie huyo rafiki yako amwogope Mungu."

Kilichobaki ni kuijua siku. Jioni ile alimkuta Asad sebuleni akifunga sampuli za vitambaa, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia chumvi.

"Asad, siku ile Nasor alipotamka, ulikuwa na nani?"

Mkasi ulimdondoka. "Kumbe Mama ameshakwambia?"

"Wewe nijibu."

"Mimi na ami Abbasi. Ijumaa ile bonde la Jangwani lilipofurika. Alipiga simu, akaniambia nimwite ami asikie." Asad hakuweza kumtazama. "Alikuwa na hasira, shemeji. Mtu alimtumia picha yako na mwanamume. Wallahi mimi sijaiona. Mama akasema tunyamaze. Kaka akishapoa atakuja akurejee, na wewe hutajua kitu, hutaumia."

"Na kuniuliza? Hakuna aliyeona hilo?"

Asad aliinama akaokota mkasi.

Hind alihesabu tangu Ijumaa ile. Akarudia, kwa sababu hakujiamini hata yeye. Moja ya zile siku zake ilikuwa imepita nyuma ya mlango wenye komeo, na Bi Rasha hakuiona. Mkwewe alidhani bado kuna mwezi mzima. Zilikuwa zimebaki siku chache. Hind angeweza kusema siku hiyohiyo, watu wapigiane simu na Nasor amrejee. Usiku alilia kwa hasira, na kwa kumkumbuka mumewe pia, maana alimpenda. Asubuhi akaamua kunyamaza kama walivyonyamaza wao. Alipika na kufua. Alipoulizwa anaendeleaje alijibu alhamdulillahi. Siku zake zilipokuja na kupita alioga, akaswali, na hakumwambia mtu.

Nasor alifika wiki iliyofuata, baada ya alasiri, na begi la magurudumu na harufu ya manukato mapya. Bi Rasha alikuwa amepika tangu asubuhi. Ami Abbasi, ndugu wa baba yao, naye alikuwepo, eti amepita tu kusalimia. Hind alitoka chumbani akiwa amejitanda vizuri, akasimama mbali.

"Hind," Nasor alisema, macho yamemlegea. "Nimekurejea. Shahidi ni ami, na Asad."

"Umechelewa. Eda yangu imekwisha."

Bi Rasha aliishikilia meza. "Haiwezekani! Nimehesabu mimi."

"Ulihesabu mswala wangu, Mama. Ule wa nyuma ya mlango hukuuona."

"Anaongopa!" Nasor alisema. "Ami, si unamwona? Alijua, akanyamaza makusudi. Mwanamke wa kunificha jambo kama hili atashindwa kunificha mwanamume?" Akachomoa simu, akaisogeza usoni mwake. "Tazama. Hii nayo nimeihesabu vibaya?"

Kwa mara ya kwanza Hind aliiona picha iliyomwacha. Ilikuwa mtaani, mbele ya duka lao. Yeye na Bakili, fundi wa kufunga bomba za mapazia, wamesimama kando ya bajaji, na Bakili amemwinamia sikioni. Aliikumbuka siku ile. Ncha ya bomba ilikuwa imenasa mtandio wake na Bakili alikuwa anaunasua, wote wawili wanacheka, Leticia akiwa hatua mbili pembeni. Leticia hakuonekana. Aliyepiga alikuwa amemkata pichani.

"Nani alikutumia?"

"Namba ngeni."

Hind aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole. Ilikuwa imepigwa kutoka juu. Vichwa vilionekana zaidi kuliko miguu. Na kwenye pembe ya chini palikuwa na kitu cha kijani chenye miiba, na ukingo wa kopo la rangi lililochubuka. Alitembea mpaka kwenye roshani na simu mkononi, wote wakamtazama. Mshubiri wa Bi Rasha ulikuwa pale kwenye kopo lake, anaoutumia kwa maumivu ya magoti.

Akarudi, akampa mkwewe ile simu.

"Mama, mshubiri huu ni wa nani?"

Bi Rasha hakuitazama picha. Alikaa kwenye kiti. Ami Abbasi akaanza kutafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani.

"Mama?" Nasor aliita.

"Nilitaka urudi nyumbani," Bi Rasha alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Kila nikikupigia unaniambia mwezi ujao. Watu wananiambia una nyumba huko, una mwanamke wa huko. Nikasema mwanamume akiona wivu atapanda ndege. Nikanunua laini hapo chini. Sikujua kama utatamka lile neno. Wallahi sikujua."

"Angeweza kunirejea kwa simu siku ya pili yake," Hind alisema. Hilo lilikuwa limemkaa tangu kwa Ustadh. "Kwa mdomo uleule. Kwa nini hakunirejea?"

Nasor alimtazama mama yake. "Aliniambia lazima nije mwenyewe. Kwamba kwa simu haiswihi."

Biriani ilipoa mezani, na mtaani vijana wa bei ya jioni walikuwa wanaita wateja kwa spika.

Mbele ya Ustadh Abdulrazak, Hind aliapa kuwa hesabu yake ni ya kweli, akalia alipokuwa anaapa, na neno lake likapokelewa. Nasor alitoka pale akisema mjini hakuna mwanamke wa kuaminika. Lakini haukupita mwezi akamtuma ami Abbasi Ilala na posa, kwa adabu zote, kama kwa binti wa watu. Mama yake Hind alitamani akubali. Alimwambia kwamba mwanamume amejuta, mwenye kosa amejulikana, sasa unataka nini zaidi?

Hind alikaa na posa ile siku kadhaa. Alimwambia Leticia kwamba hasira za Nasor anaweza kuzisamehe. Kisichomtoka ni kwamba picha moja ilitosha, na yeye mwenye uso kwenye picha hakuulizwa. "Na mimi je? Akisafiri tena, unadhani nitalala? Nitapekua makoti mpaka yachanike. Tutaishi kama polisi wawili." Akarudisha jibu kwamba hapana.

Leo ana kibanda cha mapazia Buguruni, nyuma ya mafundi gereji, yeye na Leticia na cherehani mbili. Bakili bado anawafungia bomba, ila Hind hasimami naye kando ya bajaji. Hilo linamkera, kwa sababu hakukosa kitu, na bado shingo yake hugeuka yenyewe kutazama madirisha ya juu. Watu wakimuuliza kama ameolewa husema, "Mimi mtalaka," kwa sauti ya kutosha, na wanaotarajia ainamishe kichwa huinamisha wao. Kijana mmoja wa duka la matairi amekuwa akimletea maji ya kunywa. Hind bado anamchunguza.

Nasor alirudi Dubai. Kama kweli ana nyumba huko, Hind hajui, na siku hizi huwa haulizi, ingawa mtu akilitaja jina la mji ule masikio yake hayaachi kusimama.

Idd iliyopita bodaboda alisimama mbele ya kibanda na sinia la biriani lililofungwa kwa kitambaa. Limetoka kwa Bi Rasha. Hind alilifunua, akaitazama nyama na mchele.

"Anataka nini huyu?"

Leticia alikuwa ameshanawa mikono. "Labda anataka tule."

Walikula. Sinia Hind alilirudisha mwenyewe kesho yake, mpaka Mtaa wa Mchikichi, akamkabidhi Asad dukani. Asad alimwambia Mama yuko juu, anaumwa magoti. Hind alisema mpe salamu zangu, akasimama kidogo chini ya ngazi, kisha akatoka kwenda kutafuta uzi.